Watu 499 nao ni wananchi

Katika vitabu vya hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011 kila kijiji kimepewa mstari wake. Msomaji akiufuata mstari huo atakuta jina la kijiji, eneo lake kwa hekta, idadi ya kaya, idadi ya watu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, na wangapi wanaojua kusoma na kuandika. Kisha zinafuata shule, zahanati, maji, posta, na pia basi, gari moshi na barabara. Kijiji kisichokuwa na huduma fulani hakiandikiwi umbali wake kwa kilomita. Kinaandikiwa herufi. Herufi "a" maana yake huduma hiyo ipo katika umbali usiofika kilomita 5. "B" ni kati ya kilomita 5 na 10. "C" ni kilomita 10 au zaidi. Kwa karani aliyeketi makao makuu ya wilaya utaratibu huo ni mzuri, kwa sababu jedwali linajaa upesi na kujumlisha ni rahisi. Kwa mama mjamzito anayekaa kilomita 4 na nusu kutoka kituo cha basi, ng'ambo ya kijito kinachofurika kuanzia Juni hadi Septemba, herufi "a" ni dhihaka tupu.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, maana India ndiyo nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa iliipita China mwaka 2023. Hesabu ya 2011 ilikuta watu milioni 1,210, na kati yao milioni 833 walikuwa wakiishi vijijini, katika vijiji vinavyokaribia 600,000. Hiyo ni wastani wa watu 1,400 hivi kwa kijiji. Lakini wastani haupandi basi. Kuna vijiji vya watu 10,000 vyenye soko na tawi la benki, na kuna vijiji vya watu 80 vilivyojibanza kwenye mteremko wa mlima, na vyote viwili vinaitwa kijiji katika kitabu kimoja. Katika nchi hiyo idadi ya watu wa mahali na njia ya kufika mahali hapo ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja kwa kanuni ya Serikali. Na kanuni hiyo, pamoja na mema yake mengi, imeacha swali ambalo halijapata jibu la haki.

Tarehe 25 Desemba 2000 Serikali ya India, chini ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, ilianzisha mpango mkubwa wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Wakati huo ilikadiriwa kwamba katika vitongoji 825,000 vya nchi nzima, kiasi cha 330,000 havikuwa na barabara inayopitika majira yote. Yaani zaidi ya miaka 50 baada ya Uhuru, vitongoji vinne katika kila kumi vilikuwa vikikatika na dunia mvua ikinyesha. Nusu ya ushuru maalumu wa dizeli ilitengwa kwa kazi hii. Mkandarasi aliyejenga alifungwa na mkataba wa kuitunza barabara hiyo kwa miaka 5, sharti ambalo nchi nyingi za Afrika zingefaidika kama zingeliiga na kulisimamia. Tangu hapo zimejengwa zaidi ya kilomita 700,000. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuidharau kazi hiyo.

Lakini nani apate kwanza? Mpango uliweka vikomo. Katika nchi tambarare barabara ilikuwa haki ya kitongoji chenye watu 500 au zaidi kwa hesabu ya 2001, na vile vyenye watu 1,000 vitangulie. Katika majimbo ya milimani, kaskazini-mashariki, jangwani na maeneo ya makabila, kikomo kiliwekwa watu 250. Baadaye, katika wilaya zilizokumbwa na uasi wa wapiganaji waitwao Naxalite, kikashushwa hadi watu 100. (Msomaji anaweza kujiuliza mwenyewe kwa nini palipolia bunduki ndipo watu 100 walipotosha kuwa umma.)

Mtaalamu wa mipango ana hoja ya kuvitetea vikomo hivi, na hoja yake si nyepesi. Kabla yake barabara ilifuata mkubwa. Waziri alipotoka kijiji fulani, lami ilifika kijiji hicho, ikapita mbele ya nyumba ya shangazi yake na kukomea hapo. Idadi ya watu haina shangazi. Mtu yeyote aweza kuisoma kitabuni na kuilinganisha na ya jirani, na diwani wa chama chochote aweza kusimama mkutanoni akauliza kwa nini kitongoji cha watu 600 kimerukwa na cha watu 400 kimepewa. Tena gharama ni jambo la kweli. Jimbo la Bihar, kwa hesabu ya 2011, lilikuwa na watu 1,106 katika kila kilomita ya mraba. Arunachal Pradesh, kule kwenye milima ya mpakani, watu 17. Fedha ya kilomita moja inayowafaa maelfu huko Bihar, kule Arunachal huenda ikawafaa watu wa ukoo mmoja, na kilomita yenyewe ni ya kupasua mwamba. Serikali isiyo na fedha za kutosha kumaliza kazi yote mwaka mmoja hapana budi iweke foleni, na foleni ya idadi ni safi kuliko foleni ya kujuana.

Foleni ni haki ikiwa kila aliyepanga atafikiwa. Kikomo, kwa upande mwingine, hakisemi "subiri". Kinasema "humo". Kitongoji cha watu 499 hakikuwekwa nyuma ya kile cha 500. Kilitolewa katika orodha. Mpango wenyewe ulilitambua jambo hilo, ndiyo maana ukaruhusu vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 vijumlishwe pamoja ili vifikie kiwango. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya ofisi anajua kinachotokea wakati fedha zinapoegemea tarakimu moja inayotolewa na ofisi hiyo hiyo inayozihitaji. Watafiti wa uchumi Sam Asher na Paul Novosad walipoyachunguza matokeo ya mpango huu katika makala yao ya mwaka 2020, walichagua kutumia idadi za hesabu ya taifa kuliko zile zilizopelekwa na maofisa wa barabara, kwa kuwa hizi za pili zilionekana kuvutwa ili zipite kikomo.

Liko pia suala la nani anaitwa kijiji. Kijiji cha vitabu vya Serikali ya India ni urithi wa ukoloni. Kilichorwa kwa ajili ya kodi ya ardhi, na mipaka yake ni mipaka ya mashamba yaliyotozwa. Ndani ya mpaka mmoja wa namna hiyo mna makundi kadhaa ya nyumba yenye majina yake: tola huko Bihar, majra huko Uttar Pradesh, dhani katika mchanga wa Rajasthan. Na makundi hayo hayakujitenga kwa bahati. Katika sehemu nyingi wenye ardhi na matabaka yaliyojiita ya juu wanakaa katikati, palipo na kisima kizuri, shule na hekalu; watu wa matabaka yaliyoitwa yasiyoguswa wamesukumwa pembeni, ng'ambo ya mfereji au bondeni ambako maji hutuama. Kwa hiyo kijiji chaweza kuandikwa kuwa kina barabara, shule na basi, na mwandishi asiseme uongo hata neno moja, ilhali mtoto wa tola la pembeni hakanyagi lami mpaka avuke jaruba za mpunga za mtu asiyependa zikanyagwe.

Mpango wa barabara ulifanya vyema kuhesabu kwa kitongoji badala ya kijiji. Hata hivyo uliongeza kanuni kwamba kitongoji kilicho ndani ya mita 500 kutoka barabara ipitikayo kihesabiwe kuwa kimekwisha unganishwa. Milimani, ndani ya kilomita moja na nusu ya njia ya miguu. Mita 450 si kitu wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu, huku mgonjwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba kilichobebwa na wanaume wanne, mita 450 ni safari. Na katika milima ya mashariki ya jimbo la Andhra Pradesh bado kuna watu wanaobebwa kwa doli, yaani shuka iliyofungwa kwenye mti mrefu, machela ya maskini, hadi mahali gari la wagonjwa linapoweza kufika.

Si ajabu basi kwamba mtu aliyepata sifa kubwa kuliko wahandisi wote katika habari za barabara za vijijini India hakuwa mhandisi. Alikuwa kibarua asiye na ardhi, Dashrath Manjhi wa kijiji cha Gehlaur karibu na Gaya, mtu wa jamii ya Musahar, mojawapo ya jamii zilizodharauliwa kupita zote katika jimbo la Bihar. Kati ya kijiji chake na upande wa pili, kwenye huduma, palisimama mlima wa mawe. Mkewe, Falguni Devi, aliumia katika kuuvuka. Mwaka 1960 Manjhi alianza kuuchonga mlima huo kwa nyundo na tindo. Watu walimcheka wakasema ameingiwa na wazimu. Alimaliza mwaka 1982. Njia aliyoitoboa ina urefu wa mita 110 hivi na upana wa mita 9, na iliufupisha mwendo kati ya Atri na Wazirganj kutoka kilomita 55 hadi 15. Alipofariki tarehe 17 Agosti 2007, Serikali ya Bihar ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Watu wamemtungia sifa na filamu imetengenezwa, na anastahili. Lakini mtumishi wa Serikali asomaye habari hii asiifurahie upesi mno. Miaka 22 ya nyundo ni miaka 22 ambayo hakuna ofisi iliyouona mlima ule. Kazi ya wilaya nzima iliachwa mikononi mwa mtu mmoja mwenye mbuzi wachache, kisha wilaya ikaja mazishini na bendera. Kila mara Gehlaur inapotajwa kama mfano wa kujitegemea, neno hilo linatumiwa vibaya. Kujitegemea ni kwa umma ulio pamoja na viongozi wake. Kilichotokea Gehlaur ni kutelekezwa, na mtu mmoja akakataa kutelekezwa.

Tuseme sasa barabara imefika. Je, imeleta nini? Asher na Novosad walikuta kwamba matokeo makubwa ya barabara hizi ni watu kuacha kazi za shamba na kwenda kutafuta kazi nyingine nje ya kijiji, ilhali mavuno, mapato na mali za kaya havikubadilika sana katika miaka michache ya mwanzo. Jambo hili liliwashangaza wengi waliokuwa wameahidi neema. Halikupaswa kushangaza. Lami peke yake haileti kiwanda, wala bei nzuri ya mpunga, wala mkopo. Inachofanya ni kumpa kijana uwezo wa kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Uchunguzi mwingine wa watafiti hao pamoja na Anjali Adukia ulionyesha jambo ambalo walimu watalipokea kwa moyo mkunjufu zaidi: palipofika barabara, watoto walibaki shuleni kwa muda mrefu zaidi na kufanya vizuri zaidi katika mitihani. Mzazi anapoona kwamba upo mlango wa kutokea, anaona pia sababu ya kumwacha mwanawe aendelee na masomo.

Tena barabara si chombo. Ni mahali pa kupita chombo, na chombo lazima kiwepo. Jimbo la Karnataka lilitangaza Juni 2023 kwamba wanawake wapande bure mabasi ya kawaida ya mashirika ya jimbo. Ni hatua kubwa, na wanawake waliijaza mabasi. Kwa mwanamke ambaye kijiji chake hakipitiwi na basi hata moja, nauli ya bure ni habari ya redioni. Huko Maharashtra, wafanyakazi wa shirika la mabasi la jimbo walipogoma tangu mwishoni mwa mwaka 2021 hadi Aprili 2022, ilidhihirika jinsi wanafunzi na wagonjwa wa vijijini walivyolitegemea basi lile jekundu ambalo watu wa mijini wamezoea kulikejeli kwa vumbi lake. Wenye magari binafsi hujaza pengo panapokuwa na faida, yaani kwenye barabara kuu na siku za gulio. Penginepo hubaki trekta, mkokoteni wa ng'ombe, na bajaji, chombo ambacho Dar es Salaam imekipokea pamoja na jina la kiwanda chake cha India, ambacho huko kama hapa hakiondoki mpaka kijae kupita kiasi.

Ndiyo maana inafaa kuutaja mpango mmoja wa Bihar uliokuwa wa bei ndogo. Mwaka 2006 Serikali ya jimbo hilo, chini ya Nitish Kumar, iliamua kumpa kila msichana anayeingia darasa la 9 rupia 2,000 anunue baiskeli. Haukungoja barabara kamili wala basi. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipoupima walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri unaostahili katika sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana lilipungua kwa asilimia 40. Na ongezeko hilo lilikuwa kubwa hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule, kilomita 3 au zaidi. Tena wasichana hao walikwenda shule makundi makundi, mchana kweupe, mbele ya wazee ambao hapo awali wangesema baiskeli si ya mtoto wa kike. Hapo umbali ulichukuliwa kwa kilomita zake halisi na kwa miguu ya mtu halisi. Katika herufi "a" ya kitabu cha hesabu, msichana wa kilomita 1 na msichana wa kilomita 4 ni mtu mmoja.

Tanzania inaufahamu mjadala huu kwa njia yake. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Wakati wa Operesheni Vijiji watu walisogezwa waifuate barabara, shule na bomba. Huko India watu waliachwa walipo na barabara ikatakiwa iwafuate. Kila njia ina gharama yake. Hapa gharama ilikuwa mashamba yaliyoachwa mbali na nyumba, na nyumba zilizobomolewa na watu wasiokuwa na subira. Kule gharama ni tola linalongoja. Lakini nchi zote mbili zimefika mahali pamoja, kwani Tanzania nayo ina vitongoji zaidi ya 64,000, na kila afisa mtendaji anajua kijiji ambacho taarifa yake inasema umeme umefika wakati nguzo zimekomea penye ofisi ya kijiji na maduka mawili.

Septemba 2024 Serikali ya India iliidhinisha awamu ya nne ya mpango wake wa barabara: vitongoji 25,000 na kilomita 62,500. Vikomo ni vile vile, 500, 250 na 100, isipokuwa kwamba sasa vinapimwa kwa hesabu ya 2011. Nchi ambayo ilihesabu watu wake kila miaka 10 bila kukosa tangu mwaka 1881, hata katikati ya vita mwaka 1941, haikuhesabu mwaka 2021 kwa sababu ya maradhi ya Uviko, na baada ya hapo ikaahirisha tena na tena. Kwa hiyo kitongoji kilichokuwa na watu 460 mwaka 2011, ambacho watoto wake wa wakati ule sasa wana watoto wao, kinahesabiwa kuwa na watu 460. Watu wamezaliwa, wamekua, wameoa, na bado si watu mbele ya barabara. Na kitongoji kilichokuwa na watu 520, ambacho vijana wake nusu wamehamia Surat na Mumbai, kitapata lami. Hakuna ubaya katika hili la pili. Huenda lami ikawarudisha wawili watatu. Ubaya uko katika lile la kwanza.

Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba hesabu mpya itakuwa na tarehe ya rejea ya 1 Machi 2027, isipokuwa katika maeneo ya theluji ambako itakuwa 1 Oktoba 2026, na kwamba safari hii tabaka la kila mtu litaandikwa. Magazeti ya India yalijaa hoja za tabaka na za viti vya bunge. Ni hoja nzito. Lakini kwa mwananchi wa pembeni iko nyingine isiyopigiwa kelele: je, tola lake litapata mstari wake katika kitabu, au litafichwa tena ndani ya jumla ya kijiji chenye barabara? Kama likipata mstari, umbali wake uandikwe kwa kilomita, na iandikwe pia njia hiyo inapitika miezi mingapi katika mwaka. Na kikomo cha barabara kiondolewe kabisa, ibaki foleni yenye miaka iliyotajwa, ili watu 90 wa mlimani wajue kwamba zamu yao ni mwaka fulani na waweze kumdai mtu.

Huko India kama hapa, makarani wengi wa hesabu ya watu ni walimu wa shule za Serikali. Ndio wanaotumwa nyumba hadi nyumba baada ya vipindi, na ndio wanaojua ni tola gani watoto wake hawaonekani darasani tangu mvua zianze. Kuwaagiza waandike mstari mmoja zaidi hakuhitaji fedha za lami. Kunahitaji walipwe posho ya kutosha na wapewe siku za kutosha kutembea hadi nyumba ya mwisho, ambako mara nyingi karani aliyepita alisimama ng'ambo ya mfereji na kuuliza kwa sauti, "Mko wangapi huko?"